Niliyevaa Chura

Kilo kumi na tisa za mpira na sponji,
zipu mgongoni, na matundu ya kuchungulia
yaliyotobolewa, sijui fundi aliwaza nini, puani.
Siku kumi na mbili nikaitazama Jangwani kupitia pua ya chura,
jua la Februari, gari la zimamoto likitumwagia mvua ya kukodi,
na mwongozaji na kipaza sauti chake:
Ruka, Chura! Haya, sasa lia!
Nalia vipi, bwana? Machozi yananiishia kidevuni,
nje huko mdomo wa mpira umekenua vilevile.

Havijawa sikumwambia. Nilitaka ashtuke mwenyewe.
Ana miaka saba, katuni ya Kapteni Chura anaijua yote,
vipindi arobaini, na kile kimoja ambacho umeme ulikatika
akakimalizia kwa kichwa chake.
Nikamnunulia bisi. Nikamkalisha katikati ya safu.
Dakika ya ishirini akanivuta shati, kwa sauti ya msikitini:
“Baba, Chura mwenyewe anakuja saa ngapi?”

Si huyo hapo, anayeruka moto?
Akanitazama kama mtu aliyenunua simu Kariakoo,
kufika nyumbani, ndani ya boksi mche wa sabuni.

Nje, kwenye ngazi, nikamwambia ni mimi.
Akafikiri.
“Pole,” akasema.

Usiku ule Buguruni nimelala chali, yeye ubavuni,
simu ya mama yake yenye ufa juu ya kifua changu,
nikamtazama mwenzangu wa kuchorwa.
Nikamhesabu: mistari kumi na minne, na macho yakiwemo.
Hana jasho, hana mishipa, hana hata vidole vya kutosha.
Lakini kipindi cha tisa, Msimbazi umefurika,
maji yamemchukua mdogo wake,
huyu halii. Anakaa juu ya karavati,
analiweka buti dogo la kushoto pembeni yake,
analigeuza mdomo chini, lisijae mvua.
Na mchoraji akaacha. Hakuna kinachotikisika,
sekunde sita, labda saba, ni tone moja tu kwenye waya.
Havijawa, aliyekiona mara thelathini, akanishika kidole.

Kwetu huyo mdogo hakuwepo. Walimfuta kwenye karatasi,
watu wanalipa waone mlipuko, alisema mwenye pesa,
tukalipua maghala matatu.
Wala Mamba mwenye nyumba hakuumwa jino;
kule ana kipindi kizima cha jino, anadai kodi huku ameshika shavu,
unamchukia, halafu unatamani kumtafutia karafuu.
Kwetu alikuwa meno tu.
Kule walipata muda wa kutafuta mfuniko wa sufuria,
wa kubishana kama kunguru ana aibu.
Na ile sauti ya kitoto, nyembamba, ya Kapteni,
ni ya Bi Chausiku wa Ilala, mwenye wajukuu tisa,
anarekodi ndani ya blanketi ili kunguru wa kweli wasisikike.
Nani alimpima mabega? Mimi walinipima mara tatu.

Sisemi tulizembea. Tulitoka jasho la haki,
na nusu ya malipo bado naidai.
Ila mpira ukishakuwa mpira umekuwa mpira.
Mstari unakuachia upenyo, unaingia na wewe.

Asubuhi nimemkuta sakafuni, amegeuza ankara yangu,
anachora upande mweupe. Chura. Nikahesabu kwa mazoea:
kumi na mitano.
Huu wa mgongoni ni wa nini?
“Zipu,” akasema, bila kuinua kichwa.
“Ili utoke.”